Ngoja Ipoe

Imefika Unga Limited ikivutwa kwa mnyororo,
Landikruza ya Qamara, boneti wazi,
na yeye nyuma ya usukani, kimya,
vumbi la Makuyuni limemganda kwenye kope.

"Imechemsha mlimani, juu ya Mto wa Mbu,
kona ya tatu, wageni sita ndani.
Toa thermostati, Ndeshi, utupe huko.
Alfajiri nina safari."

Nikamwambia: ngoja ipoe.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.
Wahenga hawakuwahi kufungua kifuniko cha rejeta.
Mkono wangu huu, kiwiko mpaka kiganja,
ulipata ngozi yake ya pili siku moja tu,
nina miaka kumi na tisa, najifunza kazi Kijenge,
nikitaka wanaume waone kuwa siogopi.
Walichoona ni mimi nakimbilia ndoo.

Basi tukangoja. Akaletewa chai ya tangawizi.
Injini ikawa inalia tik, tik,
kama bati la paa jua linapoliacha.

Nikazungusha kifuniko kwa tambara, robo,
nikasikiliza,
kisha nusu.
Ndani, uji wa kahawia.

"Umekuwa ukiinywesha nini?"
"Maji tu."
"Maji gani?"
Akahesabu kwa vidole: ya mfereji, ya bomba la Karatu,
ya dimbwi la Ndutu mwaka ule wa mvua nyingi,
chupa za wageni,
na mara moja, Mungu amsamehe, soda.
Nikacheka, naye akacheka,
tukaonyeshana meno, yake na yangu, kahawia ileile.
Sisi wa maji haya tunajuana kwa tabasamu.
Yalichoandika mdomoni mwetu
yameandika na kwenye mirija ya rejeta.

Nikafungua koki ya chini, tope likashuka.
Nikapitisha maji kinyumenyume, mara tatu, mara nne,
mpaka yakatoka yanayoonyesha vidole.
Na katikati ya mapezi, mbegu za nyasi,
kilo nzima ya Serengeti isiyolipiwa ushuru.
Nikazichokonoa kwa mswaki wa zamani wa mwanangu,
mpira wa maji ukitiririka polepole toka upande wa injini,
maana mwenye presha kubwa huyalaza mapezi,
na pezi lililolala halipitishi upepo.

Feni beti imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Hozi ya juu, nikiiminya, inalia majani makavu.
Wota pampu nzima. Tushukuru kwa hilo.

Thermostati nikaifunga uzi,
nikaining'iniza kwenye sufuria, jikoni palepale pa chai.
Qamara akachungulia.
Vipovu. Bado imefumba.
Maji yakaruka. Imefumba.
"Hii imekufa," nikasema, nikatumbukiza mpya.
Ikafumbua taratibu
kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

"Sasa nikiitoa kabisa, kule kreta, asubuhi ya baridi,
injini itazunguka na kibaridi chake,
itakunywa mafuta, itajila yenyewe kidogo kidogo,
nawe utasema Ndeshi amekuroga."
Akanywa chai. Hakujibu.

Kulanti ya kijani, nusu kwa nusu
na maji ya masika niliyokinga kwenye pipa.
Nikaiwasha kifuniko kikiwa wazi,
hita imefunguliwa mpaka mwisho,
ikacheua hewa iliyokwama
hadi saa nne za usiku. Meru haukuonekana,
ila baridi yake ilikuwa imeshuka, imetukalia mabegani.

Kesho yake ujumbe ukanikuta chini ya gari jingine:
*Nimepita kona ya tatu. Sindano haijavuka nusu.*
Nikausoma, kioo chote grisi.

Nilipotoka, kijana mmoja aliyeingia bila hodi
ameinamia boneti yake inayofuka,
tambara mkononi, wageni wanamsubiri hotelini.

Sikumpigia kelele.
Nilikunja mkono wa ovaroli,
nikamwonyesha.